Kamba ya Kigari Haikatiki Bure



Kila baada ya Sikukuu, na kila zinapoanza likizo za shule hapa Uingereza, huanza kuonekana majumbani mwetu vigari vidogo vinavyoongozwa kwa redio. Siku hizi vingi ni vya betri. Hata hivyo wapo vijana wetu wasioridhika na mlio wa betri. Wao hutaka kigari chenye injini ya kweli, kinywacho mafuta, kitoacho moshi na kunguruma. Vigari hivyo vikiwa vipya ni ghali. Ndiyo maana wazazi wengi huvipata katika masoko ya vitu vilivyotumika ya siku za Jumapili, na bei huwa ndogo kwa sababu moja: kamba ya kuwashia imekatika, au inavutika bila ya injini kugeuka. Muuzaji husema, "Ni kamba tu." Mara nyingi husema kweli. Ila hasemi ni kwa nini kamba ilikatika, na aghalabu yeye mwenyewe hakujiuliza.

Nimeombwa na wazazi kadhaa niandike namna ya kutengeneza kiwashio hicho. Nitaeleza, inshaallah, lakini sitaanza na kamba. Nitaanza na kilichoikata, kwa sababu aliyebadilisha kamba na kuiacha sababu yake mahali pake ataibadilisha tena wiki ijayo, na safari hiyo huenda kikavunjika kitu cha thamani zaidi.

Kwanza tujue tunazungumzia injini gani. Hizi ni injini za mipigo miwili, ndogo kiasi cha kukaa katika kiganja. Vijana huzitaja kwa namba, kumi na tano au ishirini na moja. Namba hizo ni sehemu za mia za inchi ya ujazo: injini ya 15 ina ujazo upatao sentimita za ujazo 2.5, na ya 21 ipatayo 3.5. Udogo wake usimdanganye mtu, kwani zikikolea huweza kukaribia mizunguko 30,000 kwa dakika, jambo ambalo injini ya gari analoendea mtu kazini hailiwezi hata kidogo. Hazina petroli wala cheche ya umeme. Mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli, naitromethani na mafuta ya kulainishia, na katika baadhi ya michanganyiko hayo ya kulainishia ni mafuta ya mbarika, yaleyale ya nyonyo ambayo wengi wa rika langu tulibanwa pua tukanyweshwa tumbo lilipofunga.

Mahali pa cheche pana plagi ndogo yenye waya wa platini uliosokotwa. Waya huo hutiwa moto kwa betri ndogo ya volti moja na nusu hivi wakati wa kuwasha. Injini ikishawaka betri huondolewa, na waya huendelea kuwa mwekundu kwa sababu ya joto la ndani na kwa sababu platini na methanoli zikikutana hutoa joto zenyewe. Nimelieleza jambo hili mapema kwa kuwa tutalihitaji punde: betri hiyo ndogo ndiyo iliyozikata kamba nyingi kuliko mikono ya watoto.

Kiwashio chenyewe kimefungwa nyuma ya injini kwa skrubu, kwa kawaida nne. Ndani ya kasha lake la plastiki mna kapi ambalo kamba ya nailoni imeviringishwa juu yake. Chini ya kapi mna kamani, yaani utepe wa chuma uliojikunja kama ule wa saa za ukutani za zamani, na kazi yake ni kuirudisha kamba baada ya kuvutwa. Katikati mna beringi ya upande mmoja: ukizungusha kapi upande wa kuvuta, beringi huushika mhimili na injini hugeuka, injini ikiwaka na kukimbia, beringi huuachilia mhimili uende zake na kapi hubaki limetulia. Vigari vya Traxxas vyenye kiwashio cha umeme, kile cha kuchomeka kijiti chenye betri na kubonyeza, havimo katika maelezo haya.

Walioishi Unguja wakati umeme ulipokatika kwa takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanakijua kiwashio hiki hata kama hawajawahi kushika kigari. Jenereta ndogo zilizokuwa zikinguruma kila barazani ziliwashwa kwa kamba, kapi na kamani za namna hiihii, isipokuwa kubwa zaidi. Mtu aliyeweza kuitengeneza ile hana sababu ya kuiogopa hii.

MAHALI ILIPOKATIKIA

Chukua kipande kilichokatika ukitazame kabla ya kukitupa. Kama kamba imekatika karibu na mpini, na nyuzi zake zimechakaa na kuota manyoya, basi ilikuwa ikivutwa kwa mshazari na kusuguana na ukingo wa tundu la kasha. Pitisha kidole tunduni. Ukihisi ukali, ulainishe kwa msasa mwembamba kabla ya kutia kamba mpya, na mtoto afundishwe kuvuta kwa kufuata mstari wa tundu, mkono mmoja umekishika kigari chini barabara.

Kama imekatikia ndani, penye fundo lililo kwenye kapi, basi ilikuwa ikivutwa hadi mwisho. Hili ndilo kosa la watoto na la baba zao pia, kwa kuwa sote tunadhani kwamba nguvu nyingi na mvuto mrefu ndivyo viwashavyo. La hasha. Injini hizi zinataka mvuto mfupi wa haraka, wa sentimita 30 au pungufu, kisha mpini urudishwe kwa mkono, usiachiwe urukie kasha. Anayevuta hadi mwisho huipiga kamani na fundo kwa pamoja, na kimojawapo kitaachia.

Ikiwa imekatika katikati na ncha zimeyeyuka, iliungua kwa kugusa bomba la moshi. Hilo halina falsafa.

Lakini iko kamba iliyokatika ingali nzima, ngumu, haina manyoya wala alama ya kuungua. Hiyo ilikatwa na nguvu. Mtu alivuta, injini ikakataa kugeuka, naye akaongeza nguvu. Hapa ndipo penye hatari ya kweli, na hapa nawaomba wazazi wasome polepole.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Betri ya kupashia plagi imekwisha nguvu bila ya mtu kujua. Mtoto anavuta kamba mara kumi, injini haiwaki. Anavuta mara ishirini. Kila mvuto unaingiza mafuta tumboni mwa injini, na kwa kuwa hayachomwi, yanajikusanya juu ya pistoni. Hewa hubanika, kioevu hakibaniki. Pistoni inapopanda inakuta mafuta yamejaa na haina pa kwenda. Kamba inakuwa nzito ghafla. Sasa anaitwa kaka mkubwa, au baba aliyetoka zamu ya usiku na anayetaka kulala, naye anavuta kwa mkono wa mtu mzima. Kamba ikikatika hapo, mshukuruni Mungu, kwa kuwa isingekatika ingepinda konrodi, ule mkono mdogo unaounganisha pistoni na mhimili, na injini ingekuwa si ya kutengenezwa tena mezani.

Kwa hiyo sheria ya kwanza katika nyumba yenye kigari cha namna hii ni kwamba kamba ikiwa nzito haivutwi. Plagi ifunguliwe kwanza. Injini igeuzwe juu chini, kitambaa kizito kiwekwe juu ya tundu la plagi, kisha kamba ivutwe taratibu mara nne au tano mafuta yatoke. Uso wa mtu usielekee tundu hilo, maana mafuta huruka kwa kasi na methanoli ikiingia jichoni si jambo la mzaha. Wakati plagi iko nje, iunganishe na betri yake uitazame: waya ung'ae rangi ya chungwa iliyokolea. Ukiwa mwekundu wa kufifia au haung'ai kabisa, umempata aliyekata kamba. Jaza betri au badilisha plagi, maana kamba mpya peke yake haitasaidia.

Iko sababu nyingine ya uzito isiyotokana na mafuta. Injini mpya, au isiyotumika sana, hutengenezwa silinda yake ikiwa nyembamba kidogo upande wa juu, ili joto likiitanua ipatane sawasawa na pistoni. Injini ikiwa baridi, na baridi za huku tunazijua, pistoni huweza kukwama huko juu. Usiivute kwa kamba. Chini ya kigari utaona gurudumu zito la chuma ambalo mafundi huliita flaiwili. Lisukume kwa bisibisi bapa hadi pistoni ishuke. Kisha pasha kichwa cha injini kwa mashine ya kukaushia nywele dakika chache, mradi tangi ni tupu na hakuna mafuta yaliyomwagika karibu. Utashangaa jinsi kamba ile ile iliyokuwa mzigo inavyokuwa nyepesi.

MAFUTA KWANZA YATOKE NYUMBANI

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, tangi limwagwe na kopo la mafuta liondolewe chumbani. Naandika haya kwa msisitizo kwa sababu kazi hii hufanyika mezani jikoni, na jikoni ndipo penye jiko la gesi na ndipo penye watoto wadogo. Moto wa methanoli mchana karibu hauonekani. Mtu huweza kuungua bila ya kuona ndimi za moto. Na methanoli ni sumu. Mililita 10 tu za methanoli tupu, yaani vijiko viwili vidogo vya chai, zatosha kumpofua mtu, na dalili zake huweza kuchelewa saa nyingi hata wazazi wakadhani mtoto amepona. Ole wake nyumba ambayo mafuta hayo yamehamishiwa katika chupa ya kinywaji! Watengenezaji hutia mafuta rangi ya waridi, buluu au kijani, na mtoto wa miaka mitatu hana njia ya kutofautisha hayo na sharubati au Vimto ya futari. Yabaki katika kopo lake lenye maandishi yake, kabatini, na kufuli. Mtoto akinywa hata funda moja, usisubiri dalili wala usitafute dawa ya nyumbani: piga 999, na kopo lenyewe lichukuliwe hospitalini.

Liko pia jambo la sheria ambalo vijana wengi hawalijui, na hatupendi mmoja wa watoto wetu alijue mbele ya polisi. Hapa Uingereza, mchanganyiko wenye naitromethani zaidi ya asilimia 16 kwa uzito hauruhusiwi kununuliwa wala kuwekwa nyumbani na mtu wa kawaida bila ya leseni ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa kuwa kemikali hiyo imehesabiwa miongoni mwa zile ziwezazo kutengenezea viripuzi. Naitromethani ni nzito kuliko methanoli, kwa hiyo asilimia ya ujazo iliyoandikwa koponi si sawa na asilimia ya uzito. Mafuta yanunuliwe na mzazi, katika duka la hapa nchini linalofahamu sheria hii, na muuzaji aulizwe waziwazi. Kijana asiagize kopo kutoka ng'ambo kwa mtandao kwa sababu tu limeandikwa kwamba ndani mna nguvu zaidi. Na kama kigari kilichonunuliwa sokoni kimekuja na kopo kuukuu lenye asilimia 25 au 30, msilitumie wala msilimwage katika beseni la jikoni. Ulizeni halmashauri ya mtaa lipelekwe wapi.

KUFUNGUA

Vifaa si vingi: bisibisi ya nyota na ya pembe sita zinazotosha vizuri, koleo lenye ncha nyembamba, mswaki wa zamani, kiberiti, sahani nyeupe ya kuwekea skrubu, na miwani. Miwani si pambo. Kamani ni utepe wa chuma chenye hasira, nao ukipata nafasi huruka.

Anza kwa kusafisha. Vumbi na mchanga vilivyoganda nyuma ya injini visuguliwe kwa mswaki kabla kiwashio hakijafunguliwa, kwani kikishatoka tumbo la injini huweza kuwa wazi, na chembe moja ya mchanga huko ndani itafanya kazi ya msasa kwa kasi niliyoitaja. Kisha fungua skrubu na uziweke sahanini kwa mpangilio uliozitoa, maana si lazima ziwe za urefu mmoja. Kiwashio kitatoka taratibu. Ziba mwanya wa injini kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Sasa piga picha kwa simu. Zamani tulichora kwa penseli, na kuchora kulikuwa na faida yake kwa kuwa kulimlazimisha mtu kutazama. Lakini picha haisahau. Kinachotakiwa kuonekana ni upande ambao kamba imezungushwa, na upande ambao kamani imejikunja. Ukivikosea hivi viwili kazi yote ni bure.

Kabla hujaendelea, jaribu beringi. Shika mhimili kwa vidole vya mkono mmoja na uzungushe kapi kwa mwingine. Upande mmoja lazima ishike bila ya kuteleza, na upande wa pili iende bure. Kama inateleza pande zote, basi hilo ndilo lililokuwa likiwasumbua wale ambao kamba zao ni nzima, zinavutika na kurudi, lakini injini imelala. Mara nyingi beringi haijafa. Imejaa mafuta mazito na uchafu tu, na vijiti vyake vidogo vya ndani haviwezi kuuma. Ioshe kwa spiriti, ikaushe, itie tone moja la mafuta mepesi ya cherehani, ujaribu tena. Asitie grisi mtu yeyote hapo. Grisi ni nzuri mahali pengi, lakini beringi hii inataka kuuma, na grisi huizuia. Ikiwa baada ya kuoshwa bado inateleza, tazama mhimili; ukiona umelika na kuwa na mfereji pale beringi inapokaa, vibadilishwe vyote viwili.

Kamani ndiyo sehemu ya kutulia. Katikati ya kapi mna skrubu au kizuizi. Ukikitoa, kapi huinuka. Liinue polepole mno huku ukilizungusha kidogo kidogo, mikono na kasha vyote vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, ili kamani ikiruka iishie mfukoni. Ikiwa imebaki kitako katika kasha lake, mwachie, usiiguse. Ikiwa imeruka, kunja upya: ncha ya nje itiwe katika kata yake ukutani mwa kasha, kisha utepe ulazwe mzunguko baada ya mzunguko kuelekea ndani, kidole gumba kikizuia yaliyokwisha kulazwa. Ni kazi ya dakika kumi kwa mwenye subira na ya saa zima kwa asiye nayo.

Kama ncha ya kamani imevunjika kwenye kulabu yake, hakuna haja ya kukata tamaa. Mafundi saa walikuwa wakifanya hivi: ncha peke yake, si zaidi ya nusu sentimita, hutiwa moto mpaka iwe nyekundu na kuachwa ipoe yenyewe, ndipo chuma hulainika na kukubali kukunjwa kulabu mpya kwa koleo. Sehemu nyingine ya utepe isipate moto, kwani ikilainika haitarudisha kamba tena. Kazi hii ya moto ni ya mtu mzima, na ifanyike mbali na kila kilichoguswa na mafuta. Kamani iliyokatika katikati haina dawa. Nunueni mpya, au kiwashio kizima, ambacho bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya injini.

Kamba mpya iwe ya nailoni iliyosukwa, unene sawa na ya zamani, kiasi cha milimita mbili. Kamba ya pamba itaoza, na kamba nene itajaza kapi na kukwama. Pima kwa vipande vya zamani vilivyounganishwa, uongeze urefu wa mafundo mawili. Choma ncha zote mbili kwa kiberiti zisifumuke, uzisokote kwa koleo zingali laini ziwe nyembamba kama sindano. Funga fundo moja upande wa kapi, likae ndani ya shimo lake lisichomoze, halafu viringisha kamba yote kwa upande ule ulioupiga picha, ukibakisha nje urefu wa shibiri moja na nusu.

Rudisha kapi juu ya kamani, ukihakikisha kwamba ncha ya ndani ya kamani imeshika kapi. Utajua imeshika pale kapi litakapokupinga ukilizungusha. Hapa mikono miwili haitoshi, na ndipo ninapopenda mtoto awe karibu. Nimewasikia watoto wa shule, ambao darasani hawatulii robo saa, wakihesabu kwa sauti ya kunong'ona: "Moja, babu. Mbili, babu. Usiachie, babu!" Kinachohesabiwa ni mizunguko ya kuitia kamani nguvu. Kamba iliyobaki nje hubanwa katika kata ya ukingo wa kapi, kisha kapi huzungushwa pamoja na kamba, upande uleule ambao kapi huzunguka kamba inapovutwa, mara mbili au tatu. Mmoja analizuia kapi lisirudi. Mwingine anapenyeza ncha ya kamba katika tundu la kasha kutoka ndani, anaivuta nje, na kuifunga fundo la muda ili isimezwe. Ndipo mpini unapotiwa, fundo la kudumu likafungwa, na lile la muda likafunguliwa.

Majaribio ni mawili. Mpini ukiachwa ukae umebanwa na kasha, usining'inie. Ukining'inia, ongeza mzunguko mmoja. Na kamba ikivutwa yote taratibu mpaka mwisho, kapi liweze bado kuzungushwa kwa kidole nusu mzunguko zaidi. Kama haliwezi, kamani imejaa kabla ya kamba kwisha, nayo itakatika siku si nyingi. Punguza mzunguko mmoja. Jaribio hili la pili watu wengi hulipuuza kwa kuwa kamba inarudi vizuri na wanaona kazi imekwisha.

Kukirudisha kiwashio kwenye injini kusiwe kwa nguvu. Ncha ya mhimili wake lazima iingiane na pini iliyo nyuma ya kranki. Ikiwa kasha halikai bapa juu ya injini, usilivute kwa skrubu, kwani plastiki itapasuka au pini itapinda. Zungusha flaiwili kidogo mpaka kiwashio kizame chenyewe. Skrubu zikazwe kwa mshazari, moja hapa na nyingine upande wa pili, zikaze kiasi tu.

Mvuto wa kwanza ufanywe plagi ikiwa nje na tangi likiwa tupu. Injini igeuke laini, kamba irudi. Ndipo plagi irudishwe, betri yake ikiwa imejaa, na kigari kipelekwe nje, penye uwanja, mbali na dirisha la jirani ambaye naye ana zamu zake za usiku. Mafuta yakishatiwa, ziba bomba la moshi kwa kidole huku ukivuta mara tatu au nne tu, mpaka uyaone mafuta yanafika kwenye kabureta, basi. Unganisha betri ya plagi na uvute mivuto mifupi. Ikiwa baada ya mivuto kumi haijawaka, acha. Tafuta sababu kwa mpangilio, plagi, betri, mafuta, kabureta, wala usimwite kaka mkubwa.

Siku ikimalizika, mafuta yaliyobaki tangini yatolewe na injini iwashwe mpaka izimike yenyewe kwa kukosa, maana methanoli huvuta unyevu na unyevu huozesha beringi. Matone machache ya mafuta mepesi yatiwe katika tundu la plagi, kamba ivutwe mara tatu kuyasambaza, na flaiwili izungushwe mpaka pistoni ikae chini ingali na uvuguvugu, ili kesho isikutwe imekwama juu. Kisha kigari kifutwe na kufunikwa, na kopo lirudi kabatini kwenye kufuli lake.